Pingamizi la Mke Mkubwa

Mume wangu aliniambia mwenyewe. Hilo sitamnyima mpaka naingia kaburini. Mtaani kwetu Temeke, wanaume wengine walikuwa wakioa kimyakimya, mke mkubwa akapashwa habari bombani na watu wanaojifanya kumwonea huruma. Mume wangu alirudi kutoka bandarini, akaoga, akala muhogo na samaki, akanawa mikono, ndipo akasema, "Mama watoto, nina jambo. Nataka kuongeza mke."

Alisema kuongeza kama mtu anayeomba chumvi.

Nilimwuliza, "Utamweka wapi?"

"Mungu atafungua."

"Mungu ameshafungua vyumba viwili, na vyote vimejaa."

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Nyumba ilikuwa ya mtu, na sie tulipanga vyumba viwili vya upande wa kushoto wa ukumbi. Kimoja changu na yeye na mtoto wa kunyonya. Cha pili cha mama mkwe na watoto waliobaki, yeye kitandani, wao mkekani, mpaka miguu ya mkubwa wao inagusa mlango. Jiko la uani tulichangia na wapangaji wenzetu, na choo vilevile. Mume wangu alikuwa mwendesha winchi, mtu wa kazi, hajawahi kuninyanyulia mkono. Siwezi kumgeuza jini leo ili hadithi yangu inoge. Alimpenda mwanamke mwingine, mjane wa Mtoni aliyekuwa akikaanga samaki karibu na njia yake ya kurudi nyumbani, basi.

Siku hizo sheria ya ndoa ilikuwa ngeni. Kabla haijapitishwa, Serikali ilikuwa imetoa mapendekezo yake na kuwataka wananchi wayajadili, na tuliyajadili kwelikweli. Redio ilikuwa ikisema, misikitini watu walikuwa wakisema, kwa vinyozi ndiyo usiseme. Nakumbuka mkutano mmoja kwenye tawi la chama, mwanamume mmoja mnene alisimama akapiga kifua: "Ndugu mwenyekiti, tulimfukuza mkoloni. Sasa Serikali yetu wenyewe inataka kuingia vyumbani mwetu?" Mama mmoja nyuma akamjibu bila kusimama, "Chumba chenyewe umepanga, na kodi analipa mkeo." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mie nilikuwa nimeketi na mtoto mgongoni, nacheka pamoja nao. Sikujua kwamba yale maneno yatakuja kunihusu.

Lakini nilisikiliza. Baadaye, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, mwalimu alitusomea vifungu vilivyopita, na kimoja kilinikaa kichwani: mume akitaka kuoa mke mwingine, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi ikiwa ndoa hiyo itamletea dhiki yeye na watoto. Mwalimu alisoma haraka akaendelea na kingine. Kina mama tukatazamana.

Asubuhi iliyofuata baada ya mume wangu kuniambia habari yake, nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mzee mwenye busara zake, fundi cherehani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Mwanangu, mume hazuiliwi kuoa," akasema. "Dini yetu imemruhusu."

"Imemruhusu, baba, haikumwamuru. Na imesema awe mwadilifu. Atafanyaje uadilifu wa vyumba viwili kwa wake wawili, mama yake na watoto wote hawa?"

Akaacha kukanyaga. "Unataka nini hasa?"

"Nataka kumpinga mbele ya sheria."

Akanitazama kama nimemwambia nataka kwenda kuvua nguo sokoni. Akanisihi nirudi nyumbani, yeye atakuja jioni kuzungumza na mwenzangu. Alikuja kweli. Walizungumza wanaume watupu kibarazani, wakanywa chai niliyoipika mie, na mwisho balozi akanijulisha kwamba wamekubaliana nivumilie.

Nilikuwa nimevumilia mengi na sijutii. Nilivumilia kumhama mama yangu Lindi nikiwa bado msichana. Nilivumilia foleni, kipindupindu cha mtaa mzima, mvua iliyotoboa bati la mwenye nyumba. Lakini yale yalikuja yenyewe. Hili lilikuwa linaletwa kwa miguu yake na mtu ninayempikia.

Mjane wa Mtoni ndiye aliyetaka ndoa ya kusajiliwa. Kwa hiyo mume wangu alilazimika kupeleka taarifa kwa msajili, na mie nikajua pa kwenda. Nilipika mapema, nikamwachia mama mkwe watoto, nikajifunga khanga safi. Ofisini nilimkuta karani kijana amekaa nyuma ya meza.

"Nimekuja kuweka pingamizi. Mume wangu anataka kuoa."

Akatabasamu. "Mama, rudi nyumbani ukapike."

"Nimeshapika."

"Pingamizi la namna hiyo halipo."

"Basi nitakaa hapa mpaka lipatikane."

Nikaketi kwenye benchi la mlangoni. Sikupiga kelele. Watu waliingia na kutoka, karani akawa ananitupia jicho, nami namrudishia. Jua lilipanda, nikahamia upande wenye kivuli wa benchi lilelile. Hatimaye bwana mkubwa wake akatoka chumba cha ndani, akauliza huyu mama anasubiri nini. Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Alimwambia karani, "Andika maelezo yake, yaende kwenye Baraza la usuluhishi." Akarudi ndani. Karani akaandika, amenuna.

Habari zilinitangulia kufika nyumbani. Mume wangu alikuwa amesimama uani, wapangaji wote wamejifanya wana shughuli huko.

"Umekwenda kunishtaki?"

"Nimekwenda kukupinga. Kushtaki ni kitu kingine."

"Wenzangu bandarini watanicheka."

"Wakicheka, waalike waje walale hapa."

Tangu siku ile alikuwa akila ninachopakua, lakini kimya, kama mgeni hotelini. Mama mkwe ndiye aliyesema kwa niaba yake. Yeye alikuwa mke mkubwa wa marehemu baba mkwe, na chini yake waliolewa wengine wawili. "Mie nilinyamaza," alikuwa akiniambia huku anasafisha mchele. "Nikanyamaza, nikawalelea na watoto wao. Wewe una nini cha zaidi?" Nilimjibu kwa heshima kwamba sina cha zaidi, ila nimezaliwa nyuma yake. Alisusa kuzungumza nami siku kadhaa, lakini hakuacha kumbeba mwanangu.

Aliyenitikisa ni mjane mwenyewe. Alikuja mchana, peke yake, ananukia mafuta ya samaki, khanga mbili, uso mkavu. Nilijua ni yeye kabla hajajitaja. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, na si mrembo kama nilivyokuwa nikimchora usiku. Nilimkaribisha kigoda. Hakukaa.

"Nimekuja nikuone uso," akasema. "Nilitaka kumjua mtu anayenizibia riziki."

"Dada, hii ni riziki yangu mie unayoizungumza."

"Yako? Mie nilikaa na mume wangu wa kwanza kwa ndoa ya mdomo tu, mashahidi wake jamaa zake. Alipokufa, jamaa haohao wakasema hawanijui. Wakanitoa nyumbani na sufuria zangu, eda haijaisha. Ndiyo maana safari hii nikasema, sitaki ndoa bila cheti. Ningemwambia bwana wako tuoane kimyakimya, angekataa? Angekubali siku ileile! Mie ndiye niliyetaka sheria. Na sheria ileile ndiyo umeishika wewe kunipigia."

Nikamwonyesha mlango wa vyumba vyetu, nikasema, "Ingia uangalie unakokuja kuolewa." Aliingia. Akachungulia cha kwanza, akachungulia cha pili, mama mkwe yupo kitandani anajikuna mguu. Alipotoka alisema, "Aliniambia ana nyumba."

"Ana nyumba ya kupanga."

"Hakusema ya kupanga."

Nilidhani hapo yameisha. Wapi! Akajifunga khanga yake upya, akaninyooshea kidole: "Hata hivyo sijiondoi. Wewe pinga, na mie nitakuja kusema yangu. Kama kila mwenye mume akiweka pingamizi, sie wajane tuolewe na nani, na minazi?" Akaondoka bila kwaheri. Nilikasirika, na katikati ya hasira nikamheshimu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwangu na hayajawahi kuachana.

Baraza lilikaa katika jengo la ofisi ya kata. Walikuwa wazee wachache wa kiume na mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyevaa miwani iliyofungwa uzi. Mwenyekiti alikuwa mganga mstaafu wa zahanati, mtu wa sauti ndogo. Mume wangu aliulizwa kwanza. Alisema ni Muislamu, ana kazi, ana afya, na anatekeleza haki yake. Kila neno lilikuwa kweli.

Mjane akaulizwa. Akasema yale aliyoniambia, kwa sauti ya juu, na akaongeza kwamba sheria imemkumbuka mwenye mume ikamsahau asiye naye. Mwalimu mstaafu aliinamisha kichwa. Nadhani naye alikuwa mjane.

Zamu yangu ilipofika, nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Sikuja kuipinga dini, nami ni Muislamu. Sikuja kumtukana huyu dada, hajanikosea. Nasema hivi: sina pa kumweka. Maneno hayatoshi. Naomba mje muone."

Mwenyekiti akasema Baraza haliendi nyumbani kwa watu. Mzee mmoja akasema jambo la ndani ya chumba ni siri ya mtu na mkewe. Nikamwambia, "Mzee wangu, hakuna siri kwenye nyumba yetu. Mpangaji wa chumba cha mbele akikohoa, sie tunasema pole." Mwalimu mstaafu akacheka, akasema yeye atakwenda, na wakitaka wengine wamfuate. Wakamfuata.

Waliingia jioni ya siku hiyohiyo, watoto wametoka shule, kila mtu yupo. Ilikuwa kama kupanga magunia. Mwenyekiti alipoinuka kutoka kuchungulia uvunguni, aligonga kichwa kwenye kamba ya nguo, soksi ya mume wangu ikamwangukia begani. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mume wangu alikuwa amesimama ukumbini, anatazama sakafu. Nilimwonea huruma, nakiri, lakini huruma yangu haikunirudisha nyuma.

Mwenyekiti akamgeukia mama mkwe. "Bibi, wewe unasemaje? Kuna nafasi ya mke mwingine hapa?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mie. "Mwanangu ana haki ya kuoa," akasema. Tukasubiri. "Lakini mie kitandani sitoki."

Tuliporudi ofisi ya kata, Baraza lilikubali pingamizi langu. Mwenyekiti alisoma uamuzi kwa ile sauti yake ndogo: ndoa isifungwe, kwa kuwa italeta dhiki kwa mke na watoto. Akamwambia mume wangu kwamba hali yake ikibadilika, anaweza kuleta ombi upya. Mjane alitoka kabla mwenyekiti hajamaliza. Akitoka alipita ubavuni kwangu akasema, "Umeshinda, mke mkubwa." Jibu lolote kutoka kwangu lingekuwa la majivuno.

Usidhani nilibebwa juu mabegani. Mtaani kulikuwa na waliokata salamu. Walinipa jina, Bibi Baraza, na mafundi waliokuwa wakipaka rangi kibao cha duka la mtaani walikuwa wakiliimba nikipita. Baadhi ya wanawake walionisema sana ndio waliokuwa wakija kwa mlango wa uani, sauti chini: "Shoga, ile ofisi iko wapi?" Niliwaelekeza wote. Mmoja nilimsindikiza mpaka kwenye benchi.

Mume wangu alikaa karibu mwaka mzima na kile kimya chake. Mjane aliolewa na mvuvi wa Msasani, kwa cheti, nilisikia, na nilifurahi kusikia hilo la cheti. Yeye na mie tukikutana msibani tulikuwa tunapishana bila neno.

Kimya cha mume wangu kilivunjika siku moja ya Jumapili, amekaa kibarazani anashona kiatu, mie napepeta mchele.

"Uliniaibisha," akasema, bila utangulizi, kama tulikuwa tumeanza mazungumzo asubuhi.

"Nilikuaibisha. Ndiyo."

"Ungeweza kulia tu. Wanawake wengine wanalia. Ningeweza kubadili mawazo."

"Na kama usingebadili?"

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Nisingebadili," akasema.

"Basi."

Nikaendelea kupepeta. Baada ya muda akaniuliza kama kuna chai. Nikamwambia ipo jikoni, akainuka akajimiminia mwenyewe, na alipotoka alikuwa amebeba vikombe viwili.