Vitundu Tisa vya Kisanduku cha Mvua

Mimi nafundisha kompyuta mjini Morogoro, na ugonjwa wangu ni mmoja: nikiulizwa kitu, siwezi kusema sijui. Ugonjwa huo nusura umkoseshe mama yangu shamba.

Kwetu ni juu milimani, na kwa sisi Waluguru ardhi hurithiwa kupitia kwa mama. Lakini mwenye kauli ya mwisho ni mjomba, kaka yake mama, mkubwa wa ukoo wetu. Mwaka huo mjomba alikuwa amechoka. Kila mvua za kwanza zikidondoka majirani wote walikimbilia kupanda maharage, mama akabaki barazani anachambua mboga. "Hizi za kudanganya," husema. "Zitakata." Mjomba akaona dada yake amezeeka, na kwamba si haki shamba la ukoo lilale wakati wapwa wengine hawana pa kulima. Akaita kikao Jumapili baada ya misa.

Shahidi pekee wa mama alikuwa kisanduku. Miaka mingi nyuma watafiti walikisimika shambani kwake kipime mvua, wakaahidi kurudi, hawakurudi. Mama akakitunza. Alikifuta vumbi, akafyeka majani yaliyokizunguka, na kila betri zilipokwisha aliniagiza nyingine mjini. "Mvua zote zimo humu," nilimwambia. "Nitazitoa mbele ya mjomba azione mwenyewe."

Nilikipindua nikakitazama chini. Palikuwa na tundu pana juu, jembamba kidogo chini, na skrubu mbili pembeni. Tundu kama hilo naliona kila siku nyuma ya kompyuta za shuleni, ndipo inapochomekwa kebo ya monita. Sikuhangaika kuhesabu vitundu vya ndani. Nilimwambia mama tunachohitaji ni monita tu, na nikajipiga kifua kabisa.

Jumapili nikaipandisha monita kutoka Bigwa, chini ya mlima, kwa miguu, nimeifunga mgongoni kwa kanga. Wanawake waliokuwa wakiteremka na karoti vichwani walinicheka. "Mwalimu, mtoto huyo kafanana na baba yake!"

Sebuleni kwa mjomba, ukoo mzima umekaa, nikachomeka kebo. Haikuingia. Nikasukuma, haikuingia. Mimi nina hasira za karibu, basi nikasukuma kwa nguvu zote mpaka nikasikia kitu kikipinda. Monita ikaandika kwamba haipokei chochote. Mtu akacheka nyuma yangu. Mjomba hakucheka.

"Mpwa wangu," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, "labda humo hamna kitu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama ndiye aliyesimama. "Kaka, mtoto kakosea tundu tu. Tupe wiki moja." Hakujua lolote kuhusu matundu, alikuwa ananitetea mimi, wakati shamba lililokuwa likiponyoka lilikuwa lake. Tukapewa wiki.

Kesho yake nikateremka na kisanduku na kebo hadi kwa fundi mmoja wa kompyuta pale Mwembesongo mjini, binti aliyevaa hijabu, bisibisi kaichomeka juu ya sikio kama kalamu ya karani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimeharibu kitu, mwanangu."

Akaitazama kebo, vijiti vyake vimelala, kisha akakigeuza kisanduku. "Hebu hesabu, mwalimu." Kebo yangu ilikuwa na vijiti kumi na tano kwa safu tatu. Tundu lilikuwa na vitundu tisa kwa safu mbili. Kwa nje, umbo ni lile lile na ukubwa ni ule ule.

"Hili halitoi picha," akasema. "Linatoa herufi na namba, moja moja, kama watu wanavyotoka msikitini kwa mlango mmoja. Monita haiwezi kuzipokea. Inatakiwa kompyuta, na iulize vizuri. Unajua namna ya kuiseti?"

Ulimi ulishafunguka kujibu najua, kama kawaida yangu. Nikamkumbuka mama amesimama peke yake pale sebuleni. "Sijui," nikasema. "Nifundishe."

Akanifundisha mchana mzima. Kebo yenyewe aliifukua kwenye boksi la vyuma chakavu, ilikuwa ya mashine ya zamani ya risiti, akaniazima kwa sharti kwamba nirudi kumsimulia yeye alichopata mama. Mara tarehe na namba zikaanza kuteremka kwenye kioo, mstari baada ya mstari, mvua zote za mama. Nikalia palepale dukani, wateja wakinitazama. Nitamshukuru binti yule mpaka naingia kaburini.

Jumapili iliyofuata nilipanda na karatasi tu, namba zile nimezichapa. Mjomba akavaa miwani, akaufunika ukurasa wa kwanza kwa kiganja. "Dada, mwaka ule upepo ulipoezua paa la kanisa, mvua za kwanza zilikuwaje?"

"Zilinyesha siku tatu," mama akajibu, "zikakata mpaka watu wakarudia kupanda."

Mjomba akaondoa kiganja, akasoma. Ndivyo ilivyokuwa. Akafunika ukurasa mwingine, akauliza tena, na mama akajibu sawasawa na karatasi.

Kisha akafika kwenye ukurasa niliokuwa nauogopa. Msimu mzima ulikuwa mtupu. Betri zilikwisha, mama akaniagiza, mimi nikachelewa kuzileta.

"Hapo ni kosa langu, mjomba," nikasema. "Kisanduku hakikupima chochote."

Mjomba akaniomba kalamu.

"Sema, dada, msimu huo zilinyeshaje," akamwambia mama.

Mama akasema, na mjomba akaandika.