Kibarua wa Mpakani Kule Vihingo

Najua utasema nimehadithiwa. Sikuhadithiwa, wala sikuota. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na shangazi yangu aliyekiona kilichobaki yuko hai mpaka leo kule Vihingo. Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza nisikilize.

Nakaa Mkuza na mume wangu, na kazi yangu iko kwenye duka la fotokopi pale Kwa Mathias. Wateja wa duka lile huja kwa mafungu. Wakija wanajaa mpaka mlangoni, wakiondoka unabaki kutazama mabasi. Ndiyo maana nikaanza kucheza gemu la shamba kwenye simu. Unayajua haya magemu? Unaanza na jembe moja. Unagusa kioo, jembe linalima, unapata gunia la mahindi. Unagusa tena na tena. Magunia yakitosha unaajiri kibarua, kikatuni kimevaa kofia ya ukindu, nacho kinalima chenyewe bila wewe kugusa. Halafu unaajiri wengine, halafu mnyapara wa kuwasimamia. Hapo kazi yako imekwisha. Unazima simu unakwenda zako, ukirudi linakupokea: "Karibu tena, tajiri. Ulipokuwa hupo, vibarua wako hawakulala." Unakuta magunia yamerundikana. Unayakusanya, unanunua majembe mazuri zaidi, unazima.

Utaniuliza, sasa utamu uko wapi? Niamini, hata mimi sijui. Hakuna kushinda wala kushindwa. Shamba likishakuwa kubwa kupita kiasi, gemu linakushawishi uliache lote uanze upya na jembe moja, ila safari hii jembe lina kasi zaidi. Na mimi naanza upya! Kinachokushika ni kule kujua kwamba humo ndani kuna kitu kinaongezeka na wewe hukioni. Nachambua mchele, moyo uko kwenye simu. Niko msibani, mkono uko ndani ya mkoba. Mume wangu akiniita mezani namjibu "bado kidogo" na wala sijasikia alichosema. Lile neno lilikuwa linatoka lenyewe, kama chafya.

Basi shangazi akateguka mguu. Ni dada yake baba, mjane, anaishi peke yake na mihogo yake na mikorosho. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumsaidia palizi.

"Jua likifika utosini rudi ule," akaniambia asubuhi, mguu kaunyoosha juu ya kigoda. "Usikae huko."

"Sawa, shangazi."

Nikapalilia. Jua lilipopanda nikasema nipumzike kidogo tu kabla ya kurudi. Mpakani mwa shamba kuna mkorosho wenye kivuli kizito, na ng'ambo yake ni kichaka cha siku nyingi ambacho hakina mwenyewe. Nikaketi, nikatoa simu. Nilikuwa nakaribia kuanza upya, magunia machache tu yalikuwa yamebaki. Nikaona nisisubiri vibarua, nikawa nagusa kioo mwenyewe, haraka haraka.

Nikasikia jembe kule kichakani. Pu. Pu. Pu. Shamba si mahali pa kushangaa jembe, kwa hiyo sikushangaa. Lile jembe likawa linasogea. Kisha likanyamaza, na harufu ya udongo uliopinduliwa sasa hivi ikanijia puani.

"Tajiri," sauti ikasema mbele yangu. "Nimefika mpakani. Nipumzike?"

"Bado kidogo," nikajibu. Kidole hakikusimama.

"Haya."

Jembe likaanza tena. Pu. Pu.

Hebu niambie, mimi ni tajiri wa nani? Swali hilo lilinijia nimeshajibu. Nikainua kichwa. Mwanamume mmoja alikuwa amenipa mgongo, analima kuingia kichakani. Jua lilikuwa linachoma, mimi niliye kivulini nimelowa jasho, yeye mgongo mkavu kama kibao. Jembe lake lilikuwa limelika mpaka limekuwa kama upawa, lakini mabonge liliyokuwa linapindua hata trekta lingejitahidi. Na alikuwa anakanyaga udongo ule laini bila kuacha alama ya mguu. Wallahi, hata moja.

"Shikamoo, baba!" nikamwita. Sauti ilinitoka nyembamba. "Baba, sikukusikia vizuri! Acha, pumzika!"

Akageuka. Si uso wa kutisha, na hilo ndilo linaloniumiza. Ni uso wa mtu aliyechoka, macho yamesahau usingizi. Akaninyooshea kiganja, kama kibarua anayeogopa kugombezwa.

"Naendelea, tajiri. Naendelea."

Nilikimbia nikaacha kanga, kiatu kimoja na jembe la shangazi. Nilipofika mlangoni nikaanguka.

Shangazi hakuuliza nimeona nini. "Alikuuliza?" akasema.

"Kama apumzike."

"Ukamjibuje?"

Nikaanza kupangusa udongo magotini.

"Weye mwana, ukamjibuje?"

Nilipomwambia, alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akanieleza. Ardhi ile ya kichakani ilikuwa ya mzee mmoja, shangazi akiwa bado msichana. Mikorosho ya mzee yule ilikuwa safi mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kuona kibarua akiingia wala kutoka. Watu walisema analimiwa na misukule, yaani watu waliochukuliwa kwa uchawi, ndugu zao wakazika wakidhani wamekufa.

"Mzee akafa. Tukamzika, hitma ikasomwa, watu wakatawanyika. Waliokuwa wakimlimia nani aliwakumbuka? Hakuna aliyewaambia basi. Amebaki huyo mmoja. Akimkuta mtu kivulini humdhani ndiye tajiri, humwuliza."

"Na hakuna aliyemwambia apumzike?"

"Wote humkimbia kabla hajamaliza kuuliza." Akanitazama. "Ni wewe tu uliyekaa ukamjibu."

Asubuhi tulikwenda wote, yeye akichechemea na fimbo. Kichaka chote mpaka bondeni kilikuwa kimelimwa. Udongo mbichi, wala mvua haikuwa imenyesha. Nikapiga kelele mpaka koo likauma: "Basi, baba! Imetosha! Pumzika!" Mchana nikakaa chini ya mkorosho, nikimngoja aje aniulize tena. Hakuja. Kila siku niliyobaki Vihingo nilikaa pale, na hakuja. Gemu nilikuwa nimeshalifuta usiku ule ule.

Nikarudi Mkuza nikidhani yamekwisha.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja cha mtu anayeishi Dar, hajajenga, kina majani tu. Jumamosi moja mchana mume wangu aliacha kijiko akasema, "Nani analima pale?" Mimi nilikuwa nimesikia kabla yake. Tulipotoka hakukuwa na mtu, ila majani yalikuwa yamepinduliwa, mstari mmoja ulionyooka. Mwenye kiwanja alipopigiwa simu alisema hajatuma kibarua yeyote. Mstari ule unaongezeka. Sasa hivi umefika karibu na ukuta wetu.

Kila jua likiwa utosini natoka, nasimama pale, nauambia udongo: "Baba, mimi ndiye niliyekujibu. Pumzika." Majirani wananiona nimepata kichaa. Mume wangu alikuwa anacheka zamani, siku hizi ananiletea kiti. Sikikalii. Siwezi tena kukaa kivulini.

Wewe cheza gemu lako, sikukatazi. Lakini mtu akikusemesha, inua uso umtazame kwanza, ndipo ujibu. Hujui ni nani aliyesimama mbele yako, na hujui amelingoja neno lako tangu lini.