Siku Mama Jaji Alipokataa Kuku

Harufu ya kuku anayechemka kwa nyanya na kitunguu ilijaa uwanja wetu wa mtaa wa Kasungami, Lubumbashi, asubuhi ile ya kiangazi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliruhusiwa kusogelea sufuria. Baridi, kama kawaida ya kiangazi cha kwetu, ilikuwa ya kuuma, na vumbi jekundu lilikuwa limetanda hadi kwenye majani ya mihogo. Mama yangu alikuwa amefariki, baba alifanya kazi kwenye machimbo ya mbali, nami nililelewa na shangazi, dada yake baba. Kitinda mimba wake alipoanza kukonda, mhubiri mmoja wa nyumba ya maombi alininyooshea kidole: mimi ndiye mchawi. Tangu hapo nilipewa sahani yangu peke yangu, nikala mlangoni, na hakuna aliyepokea kitu kutoka mkononi mwangu. Sikumchukia shangazi. Hata mimi nilianza kujichunguza, nikijiuliza kama kweli usingizini huwa natoka kwenda kula watu.

Katekista wa mtaa ndiye aliyepeleka shauri mahakamani. Jaji wa watoto alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile mjini kwetu. Alikuwa Myahudi, mjukuu wa mwuza vitambaa, mzaliwa wa Lubumbashi, na Kiswahili chake kilikuwa chetu. Wenzake walimtania kwa sababu hakukata shauri la mtoto kabla hajafika kwao na kuona anapolala na anapokula. Kwetu pia aliahidi kuja. Kama shangazi angenikataa mbele yake, ningepelekwa kwenye kituo cha watoto, na tuliwajua waliotoka huko wakaishia kulala sokoni. Katekista akapata wazo: nipakue chakula mimi mwenyewe, mgeni ale, na maneno yaishe.

Mama Jaji alikuja, akakataa kiti, akakaa mkekani. Nilimnawisha, nikamwekea bukari, ugali wetu, na paja la kuku. Alilitazama, akashukuru kwa upole, akasogeza sahani pembeni. Shangazi akamgeukia jirani yake, akasema bila kushusha sauti:

“Hata Mama Juge iko naogopa mukono ya huyu mutoto.”

Nilijua yamekwisha. Nilianza kuwaza nguo zangu ningezifungia katika nini.

Katekista aliinama kumnong'oneza mgeni maana ya kile alichokifanya. Sijasahau jinsi uso wa yule mama ulivyobadilika. Alimwambia shangazi:

“Mama, miye siogope mutoto. Kwetu tunakulaka nyama yenye tulichinja namna yetu. Ni Mungu wa baba yangu alikatazaka, haiko mutoto.”

Kisha akaniomba nimmenyee chungwa. Nikalichubua vibaya, juisi ikanitiririka hadi kwenye viwiko. Alilipokea hivyo hivyo kutoka kiganjani mwangu, akalila lote bila haraka, mbegu akizitema uwanjani kama sisi. Akaomba la pili, akaniambia nusu nimpe shangazi. Shangazi aliuangalia mkono wangu kwa muda mrefu, kisha akachukua, akameza kama anayemeza kwinini. Hukumu iliyofuata ilisema nibaki.

Yule kitinda mimba wa shangazi aliendelea kuumwa, akatibiwa zahanati, akapona polepole. Siku hizi sheria inakataza kumwita mtoto mchawi, na mahakama ina watumishi wengi kuliko zamani. Ni jambo jema. Hata hivyo, huku Naviundu ninakoishi sasa, bado naona watoto wanaokula peke yao mlangoni, na sijasikia jaji aliyewafikia.

Shangazi amezeeka, anakaa nami. Mwaka jana, nikimlisha uji, nilimwuliza ni nini kilichomfanya aamini siku ile. Alinishangaa.

“Sikuaminiaka kitu,” alisema. “Nilikulaka nikijua nitakufa. Nilikuwa naona haya kukatala mbele ya Mama Juge.”

Kesho yake, alisema, aliamka mzima, akanisikia nafagia uwanja, akalia. Miaka yote hiyo nilidhani aliniamini; kumbe siku ile alikubali kufa ili asiaibike. Nikamlisha kijiko kingine cha uji. Nilimpenda, na niliogopa kuona jinsi nilivyoponea chupuchupu kupelekwa kituoni, kwa haya yake tu.