Kangaja wa Kahawia Ndani ya Kabati la Maandazi

Kabati langu la maandazi lilikaa tupu miezi mitano, na kila aliyepita barazani alinipa pole kana kwamba nimefiwa. Sikuzitaka pole zao. Unga wa ngano ulikuwa umepotea madukani, sukari tuliipangia foleni tangu alfajiri na kurudi na mifuko mitupu, mafuta ya kukaangia ndiyo usiseme. Nilipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Kiswahili pale Kariakoo, vyumba sita na ua mmoja, na kwa kabati hilo ndivyo watu walivyonijua. Lilikuwa la fremu ya chuma, vioo pande zote, refu kama jeneza la mtoto. Mmoja akanishauri niliuze. Mwingine akasema nifugie vifaranga. Nikamjibu kwamba kabati hili limebeba riziki yangu miaka sita, haliwezi kunyewa na kuku.

Samaki nilimpata siku nilipokwenda Feri kutafuta dagaa. Ndani ya ndoo ya muuza samaki mmoja, katikati ya fungu la mchanganyiko ambalo watu hununua wakikosa la maana, kulikuwa na kangaja aliye hai. Kangaja si samaki wa heshima. Ngozi yake ngumu, na kwenye shina la mkia ana kijisu kila upande, ukimshika vibaya anakuchana. Lakini huyu alikuwa wa buluu, buluu ya kanga mpya kabla haijafuliwa, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Alikuwa akihema kwenye maji ya vidole viwili na bado anapiga mkia. Nikasema namtaka huyo, na ndoo nikaomba niazimwe.

"Dada, utamla na maji yake?" muuza samaki akanicheka.

"Simli."

Alinitazama, akatikisa kichwa. Kisha akatumbukiza mwingine ndooni, wa nyongeza, kangaja wa kahawia asiye na sura wala rangi, mwenye mistari myembamba ambayo huioni mpaka umsogelee. Yule wa kahawia ndiye aliyenichana kiganja nilipomtoa. Alama ninayo mpaka leo.

Fundi mmoja wa Gerezani alinibadilishia vioo, akatia vinene vilivyotoka kwenye sanduku la maonyesho la duka lililofungwa, akaziba viungo kwa lami. Kabati lilivuja siku tatu, kisha likachoka kuvuja. Maji ya bahari niliyabeba kwa madumu mawili juu ya baiskeli ya kuazima, safari tisa. Hewa ilitoka kwenye tyubu ya lori: nilikuwa naijaza kwa pampu asubuhi na jioni, halafu naiacha ipumue taratibu kupitia mpira mwembamba uliobanwa kwa kibanio cha nguo, mapovu yakipanda moja moja. Chakula chao kilikuwa mawe yenye mwani niliyookota ufukweni, na mchicha uliochemshwa. Wa buluu alikula kwa pupa na kumfukuza mwenzake kona hadi kona. Wa kahawia alipita kwenye kioo akikikwangua kwa midomo, akiacha alama ndogo za busu kwenye utando wa kijani. Watoto wa mtaa walizihesabu.

Majuma matatu nilikuwa mtu tena. Watu walisimama barazani kwangu kama zamani. Wapo waliosema nimerukwa na akili, na mjumbe wetu wa nyumba kumi alisema taifa linaambiwa lilime mihogo, mimi naweka kitoweo kwenye kioo na kukitazama, huo kama si ukupe ni nini? Nikamwambia kupe hunyonya damu, na hawa wananyonya mwani. Hakucheka. Mjumbe yule alikuwa hacheki mpaka apewe mfano na mkutano.

Ndipo wa buluu akaugua. Niliamka nikamkuta ana vidoa vyeupe mapezini, siku ya pili vimemwenea mwili mzima, kama aliyenyunyiziwa unga. Ule ndio unga pekee uliopata kuingia katika kabati langu mwaka ule. Alikuwa akijisugua kwenye mawe, akihema haraka, pupa yote imemwisha. Nilikimbia Feri kwa yule muuza samaki. Akaniambia hao ni chawa wa baharini, na wa buluu ndivyo walivyo, wakitishika kidogo wanadakwa. "Wa kahawia je?" nikamuuliza. Akasema yule ana ute mzito, ndiyo maana hashikiki, huenda na chawa hawamshiki. Hakuwa na hakika. Lakini nilipofika nyumbani nikamkodolea macho wa kahawia upande wa kulia na wa kushoto: hana hata kidoa kimoja. Alikuwa akibusu kioo.

Siku hiyohiyo jioni, mtoto wa jirani yangu wa chumba cha kona akatoka tetekuwanga.

Jirani huyo alikuwa mama kutoka Kilimanjaro, mtu wa kanisani, mkimya, tuliyeazimana chumvi na kiberiti siku zote. Mwanawe wa kike, wa miaka minne, ndiye aliyekuwa bingwa wa kuhesabu zile busu, pua imegandishwa kwenye kioo. Sasa alikuwa amejaa malengelenge usoni na tumboni, na samaki wangu amejaa vidoa, na ua mzima ukaona vitu viwili ukaviunga. Sikuwalaumu kwa kuogopa. Mtoto akiungua homa usiku kucha, mama yeyote atatafuta wa kumlaumu. Nilichowalaumu ni kwamba hawakutaka kuniacha niseme.

"Dada, mi sigombani na wewe," mama yule aliniambia mbele ya wapangaji wote, machozi yakimlenga. "Lakini mtoto wangu alikuwa anashinda pale. Huoni wanafanana?"

Hasira zilinipanda. Nikachota maji ya kabati kwa kopo, nikanawa uso mbele yao, nikasukutua na mdomo. Nikawaambia, nitazameni hapa siku saba, nikitoka lengelenge moja nahama mwenyewe.

"Wewe si uliugua tetekuwanga utotoni," akasema mama yule kwa upole. "Uliniambia mwenyewe. Sasa unatuonyesha nini?"

Alisema kweli. Nilibaki nimesimama, maji ya chumvi yananitiririka shingoni. Mjumbe akaletewa habari, akaja, akatoa amri: mpaka Ijumaa baada ya sala samaki wawe wametupwa, la sivyo nitoke mimi na kabati langu. Mwenye nyumba alikuwepo, ameketi kwenye kibao chake cha mbuzi cha kukunia nazi. Alikuwa bibi wa Kizaramo, mjane, uso wake umechimbika makovu ya ndui tangu utotoni, na sisi wapangaji, kwa adabu, tulikuwa hatuyatazami. Hakusema ndiyo wala hapana. Nilimtegemea yeye, na kimya chake kiliniuma kuliko maneno ya mjumbe.

Sikuwa na pa kwenda. Ndugu zangu wote wako Lindi, na kupata chumba mjini wakati ule, iwe Magomeni iwe Buguruni, ilikuwa mpaka uwe na mtu. Busara ilikuwa kuwachukua wale samaki wawili na kuwakaanga. Ningekuwa nimeyamaliza. Lakini nilijiuliza, kosa lao nini? Na kosa langu nini? Nikaapa sitoki, na samaki hawatoki.

Nilihangaika na wa buluu kadiri nilivyojua. Nilimtumbukiza kwenye beseni la maji baridi ya bomba kwa muda wa kusoma Alhamdu mara tatu, kwa sababu muuza samaki aliniambia chawa wa chumvi hawavumilii maji matamu. Akaamka kidogo. Nikanunua mrututu sokoni kwa wauza dawa, ule wa kuponyea vidonda, nikautia kwenye beseni la maji ya bahari kwa kukadiria, kama ninavyokadiria hamira. Hapo nilikosea. Hamira ikizidi andazi linachacha tu. Mrututu ukizidi hauna msamaha. Alikufa Alhamisi mchana, rangi yake imefifia ikawa ya majivu. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sauti, na mama wa kona alinisikia, akaja akasimama mlangoni, kisha akarudi kwa mwanawe.

Wakati huo tetekuwanga ilikuwa imeingia nyumba tatu nyingine za mtaa wetu ambazo watoto wake hawakuwa wakifika kwangu, mojawapo ya mjumbe mwenyewe. Mjumbe akasema hewa ya wale samaki imesambaa. Mtu akishaamua, hata hewa anaipa miguu.

Ijumaa asubuhi, wanaume wakijiandaa kwenda msikitini, mwenye nyumba akaja kwangu amebeba kibao chake. Nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, akaketi mbele ya kabati. Alitazama kona zote za kioo.

"Yule mzuri yuko wapi?"

"Amekufa, Bibi."

"Na huyu alikuwa naye humuhumu? Maji hayahaya?"

"Maji hayahaya, Bibi. Chakula kimoja. Hakupata hata kidoa. Sasa kama ugonjwa haukumshika huyu aliyelala nao, utatokaje humu umshike mtoto nje ya kioo?"

Nilijiona nimetoa hoja nzito. Yeye wala hakuisikiliza. Alikuwa amejigusa shavu.

"Mimi tulikuwa wawili," akasema. "Mimi na dada yangu. Mkeka mmoja, sahani moja, tukaugua siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa mzuri, watu walikuwa wanakuja kumtazama. Hakufika siku ya nane. Mimi nikainuka. Basi watu wakasema ndui imebaki tumboni mwangu, nikikaa nitawamalizia watoto. Mama akanihamisha, nikafichwa kwa shangazi mwaka mzima. Kosa langu kutokufa."

Nilikuwa nimeishi katika nyumba yake miaka sita na sikuwahi kumwuliza. Nilishikwa na aibu, nikaangalia chini.

Baada ya sala mjumbe alikuja na vijana wawili wa kubeba. Bibi hakunyanyuka kwenye kibao.

"Mtoto wa kona amekufa?" akamwuliza.

"Hajafa, Bibi. Anaendelea vizuri."

"Wa kwako amekufa?"

"Hajafa, lakini Bibi, sisi kama uongozi—"

"Basi na huyu hafi. Nyumba kumi ni zako, baba, lakini hii moja ni yangu. Mpangaji wangu hatoki, na samaki wake hatoki. Nenda kawape hao vijana kazi nyingine."

Mjumbe alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyesema. Nami nikamtazama vilevile, sikuinamisha macho. Mama wa kona alikuwa mlangoni kwake, amembeba mtoto aliyejaa magamba yaliyokauka. Mtoto akanyoosha mkono kuelekea kabatini, akilia ashushwe. Mama akasita, akamtazama Bibi, akamshusha.

Sitawadanganya kwamba mimi ndiye niliyekuwa na haki katika kila kitu. Miezi miwili baadaye nilileta kangaja mwingine wa buluu, nikamtia na yule wa kahawia, na katika juma moja akatoka vidoa akafa. Kumbe chawa walikuwa bado wamo humo. Ugonjwa haukuwa umeondoka majini. Wa kahawia ndiye aliyekuwa akiukataa kila siku, bila mtu kumwona akifanya kazi hiyo. Nilimweleza Bibi. Akasema, "Si nilikwambia?" ingawa hakuwa ameniambia lolote la namna hiyo. Sikuleta tena wa buluu.

Unga ulirudi baada ya mwaka na zaidi, kwanza kwa vibaba, halafu kwa magunia. Siku ya kwanza nilipokaanga, foleni ilifika kwa jirani wa tatu, na mjumbe alikuwemo. Akaniona nayapanga maandazi kwenye beseni lililofunikwa kitambaa, nzi wanazunguka.

"Sasa si umtoe huyo samaki," akasema, "maandazi yarudi kabatini mwake?"

Nikamfungia yake mawili kwenye gazeti.

"Kabati lina mwenyewe," nikamwambia. "Wa nyuma yako, sogea."