Mbegu Zilizoanikwa kwenye Paa

Nina diploma ya upishi, na nyumba yangu ya mawe pale Nakuru ilitokana na jasho la Jeddah, hivyo aibu hii naisimulia bila kujificha. Juu ya paa la madam, mwajiri wangu kule Jeddah, nilikuta mbegu za maboga ya shambani kwa baba yake zimeanikwa kwenye sinia. Wageni walikuwa njiani. Mwenye diploma haulizi; nilizikaanga zote kwa chumvi na bizari.

"Mashallah, umezipatia!" mzee, baba yake madam, alisema, akichota kiganja cha pili.

"Nimesomea, baba."

Akamgeukia mgeni wake. "Zile mbegu za marehemu mama yangu nilizokuahidi ukapande, ndizo pekee zilizobaki. Yalla, binti, kalete sinia lililoko juu."

Sikusogea. Madam alitazama maganda mezani, kisha akanitazama mimi.