Manukato ya Ramu Niliyompa Kaka

Niliitwa kazini kwa kaka yangu ili nimnuse.

Msicheke. Nilimnusa kweli, mbele ya bosi wake na wapakiaji wanne.

Mimi ni mchanganyaji wa manukato. Siku hizi wateja wanataka kunukia pombe kali: wiski, ramu. Ramu yenyewe simimini hata tone. Harufu yake naiunda kwa mafuta yanayonukia zabibu kavu, sukari ya kuungua na mbao.

Nilikuwa nimehangaika na ramu wiki tatu mfululizo. Kaka akaniomba chupa moja, nikampa kwa furaha, maana alikuwa na miaka miwili hajagusa glasi ya pombe.

Kaka alikuwa dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ghalani. Asubuhi ile bosi alikuwa amemnyang'anya ufunguo akidai ananuka pombe, naye kaka akajitetea kuwa ni manukato yangu.

"Dada, wewe ndiye fundi. Hii ni pombe au manukato yako?" bosi akaniuliza.

"Mwambie, mdogo wangu," kaka akasema, macho chini.

Nikasogeza pua shingoni kwake. Sikusikia kitu.

Kazi yetu ina balaa hilo. Ukishinda na harufu moja muda mrefu, pua inaizoea mpaka haiisikii tena. Nilitakiwa kusema hivyo tu. Lakini watu wazima sita wananikodolea macho, halafu fundi mzima niseme sisikii harufu? Niliona aibu.

"Ni yangu hiyo. Nimeichanganya mwenyewe."

Bosi akacheka, akamrudishia ufunguo. "Basi na mimi nitengenezee."

Saa nane mchana foklifti ikapinduka. Mguu wa kushoto wa kaka ukabaki chini yake. Hospitali wakapima damu, wakakuta pombe tele.

Nilienda chumbani kwake kumchukulia nguo. Chupa yangu ilikuwa kwenye droo, imejaa, hata utepe haujachanwa.

Sikulia. Nilikunja mashati mawili, nikasahau suruali, nikarudi kuichukua.

Sasa anaishi kwangu kwa sababu ya mguu ule. Juzi akaniuliza, "Siku ile ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."



"Mimi nilidhani umejua, ukaamua kunisitiri," akasema. "Nikaenda chooni nikamalizia chupa ya pombe kwa aibu."

Nikamletea chai. Tukanywa.

Ndugu zangu, ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui. Aibu yake ni ya dakika mbili tu. Mimi yangu naipikia chakula kila siku.