Kibuyu cha Mgeni

Mpaka leo nikipita penye maganda ya kahawa yaliyooza, naziba pua. Watu wa siku hizi wanayaita mbolea. Mimi niliyanywa.

Enzi za Mdachi nilikuwa nimeolewa huko Sekei, juu mlimani. Mfereji wetu ulichukua maji mtoni, chini kidogo ya shamba la mlowezi mmoja. Bwana yule aliosha kahawa yake humo humo mtoni, na uchafu wote ukatujia sisi: maganda, ute unaovutika kama makamasi, uvundo wa kumtoa mtu machozi. Ng'ombe walinusa wakageuka. Sisi watu tulichuja, tukachemsha, tukanywa tumebana pua. Mwanangu wa kwanza, hata kutambaa bado, aliharisha mpaka macho yakadidimia. Nilitaka kitu kimoja tu, mlowezi achimbe shimo amwage uchafu wake humo, mtoto wangu apone.

Wazee wakashtaki bomani. Bwana shauri, Mdachi aliyeamua kesi za wilaya nzima, akamtuma karani asimike mtoni ufito wenye mistari myekundu, awe anakuja kuusoma. Karani akasoma, akasema maji hayajapungua. Kwani nani alisema yamepungua? Ufito wake ulipima kina, uvundo haukuwa na mstari. Wazee waling'ang'ania hadi bwana shauri akakubali kuja kuyaonja mwenyewe. Akiyaona mabaya, shimo litachimbwa.

Siku ya kuja kwake, mama mkwe alidamka akachukua kibuyu, akapanda msituni kwenye chemchemi. Kwenda na kurudi ni asubuhi nzima, tena njia ya nyati. Nilidhani anamfuatia mjukuu wake maji, nikamshukuru moyoni.

Bwana shauri akafika na kiko chake, moshi umemjaa puani, akaomba maji ya kuonja. Mama mkwe akapiga goti akampa kibuyu kile cha chemchemi. Kwao mgeni hapewi maji yanayonuka, awe nani, awe amekuja kwa shauri gani. Mdachi akanywa, akapangusa masharubu.

"Bwana anasema maji haya yanashinda ya boma," karani akatafsiri. "Mnalalamikia nini?"

"Hayo ni ya chemchemi," nikasema.

Mume wangu akanibana mkono. "Nyamaza, utamwaibisha mama."

Nikamrudia karani, nikamwambia tena. "Mama, bwana ameshaonja," akanijibu, akaenda kumshikia bwana wake farasi. Wazee wakatazama chini. Hakuna aliyemlaumu mama mkwe, kwa kuwa kila mmoja wao angefanya vile vile. Walinitia kinyaa kuliko ule ute.

Shimo halikuchimbwa. Jioni mtoto akalia kiu. Kibuyuni yalibaki maji kidogo, yananuka tumbaku. Nikapangusa mdomo wa kibuyu kwa nguo yangu, nikapangusa tena, nikamnywesha mwanangu mabaki ya Mdachi. Akayamaliza, akanyoosha mkono kutaka mengine, nami nikaenda kumchotea mferejini.